Kuandaa miguu kwa kilomita 42 ukiwa Mbeya

Habari zenu watazamaji. Ni saa kumi na mbili kasoro asubuhi, tuko barabara ya kwenda Chunya, na baridi ya Mbeya mnaiona inavyotoka mdomoni kwangu.

Kwanza, jipe wiki 16. Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, oksijeni unayovuta ni pungufu, kwa hiyo usilazimishe kasi ya Dar es Salaam. Kimbia taratibu kiasi kwamba ukikutana na mama amejitwika viazi, unamwamkia na salamu inaisha vizuri. Ukikata pumzi katikati, punguza.

Jumamosi ndiyo siku ya mbio ndefu. Anza na kilomita 12, ongeza mbili kila wiki hadi ufike 30. Kila wiki ya nne punguza, misuli ipone.

Sasa njoo hapa kwenye mteremko, tazama miguu yangu. Wengi wanaogopa kupanda, lakini kinachoumiza ni kushuka: msuli wa paja unajikaza huku unavutwa, nyuzi zake zinachanika kidogokidogo. Ndiyo maana maumivu yanakolea siku ya pili. Hatua fupi, goti limelegea, usiegemee nyuma. Hivi. Shuka mita 400 tu, mara nne, mara moja kwa wiki. Paja likishazoea, safari nyingine haliumii vile. Hili nawasihi msiliruke.

Chakula. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini huanza kuisha karibu na kilomita ya 30, na hapo miguu inagoma hata kama moyo unataka. Siku mbili kabla, kula wali, viazi, ndizi kwa wingi. Njiani, ndizi mbivu mbili ndogo kila saa, na ulizoeze tumbo kwenye mbio ndefu za Jumamosi. Kunywa ukisikia kiu. Maji kupita kiasi yanapunguza chumvi ya damu, unachanganyikiwa, unaweza hata kufa. Na vidonge vya maumivu kama diklofenaki usimeze siku ya mbio, figo tayari zina kazi kubwa.

Wiki mbili za mwisho punguza mbio. Siku yenyewe anza polepole kuliko unavyojisikia. Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni, hizi hizi kilomita 42, kule Tokyo mwaka 2025, yeye na Mjerumani aliyemfuata walitenganishwa na sekunde 0.03. Nguvu ya kumalizia namna ile hutunzwa tangu kilomita ya kwanza.

Kifua kikibana, simama, omba msaada hapohapo.

Ukishamaliza, tembea dakika kumi, vaa sweta kabla jasho halijapoa, kula. Wiki nzima usikimbie. Na mkojo ukitoka kama chai ya rangi, hata kama unajisikia mzima, nenda hospitali siku hiyohiyo.