Bia Iliyoitwa Sheria ya Bunge

Ndugu zangu, kila nikizungumzia misimu, yaani maneno ya mitaani, ya Kiingereza cha zamani, hakosekani wa kuniambia kwamba hayo ni maneno ya walevi, hayana nafasi kwenye kamusi. Leo naanza na huyo.

Mwaka 1785, London, Francis Grose alichapisha kamusi ya lugha ya mitaani. Alikuwa kapteni wa wanamgambo, basi maneno ya askari hakuyatafuta mbali. Humo bia hafifu inaitwa "act of parliament", yaani sheria ya Bunge. Kwa nini? Grose anaeleza: sheria ilimlazimisha mwenye nyumba ya wageni kumpa kila askari painti 5 za bia hiyo bure. Karibu lita 3! Haya, wewe ndiye mwenye nyumba. Askari wamekujia, nawe umeamriwa uwanyweshe bila senti. Utawapa ipi? Kuna kimea ulichokwisha kukikamua bia kali ya kuuza. Unakimwagia maji ya moto tena, na tena, na kile chembamba kinachochuruzika mwisho ndicho unachomsogezea askari. Naye anakiita sheria ya Bunge. Jina moja, ndani yake mna serikali iliyoamuru, mfanyabiashara aliyebanwa na askari aliyepunjwa. Mnataka tulitupe!

Tena walevi gani? Bia hii watumishi na watoto walikuwa wakiinywa na chakula. Na majina yake ni mengi. Kuna "rot gut", kiozesha utumbo. Grose anaweka na kibwagizo chake, kwamba itakupasua matumbo kabla haijakuangusha. Kuna "whip-belly vengeance", kisasi cha kuchapa tumbo, ambacho aliyepata kingi ndiye mwenye fungu baya. Kuna "water bewitched": maji yaliyorogwa. Hilo hata sihitaji kulifafanua.

Naoneshwa saa. Basi "swipes", jina jingine la bia hiyo hafifu, nalipitia mbio. Kwenye meli za mfalme waliiita "purser's swipes". Purser ndiye aliyeshika ghala la chakula na vinywaji, na ratili yake (pauni ya uzito) ya kugawia ilikuwa wakia 14 badala ya 16. Mabaharia walilibandika jina lake kwenye bia mbovu. Mwaka 1797 walipogoma Spithead, kituo cha meli kusini mwa Uingereza, miongoni mwa madai yao waliandika hivi: ratili iwe ya wakia 16.