Boksi la Nje Lisitoke Jasho: Kinga ya Saketi Dhidi ya Baridi na Umande

Haya, karibuni tena. Leo tuna bodi ya saketi ya kituo kidogo cha hali ya hewa, na itakaa nje mwaka mzima. Najua mtaniambia boksi lako limeandikwa IP67, yaani halipitishi vumbi wala maji hata likizamishwa kidogo, wasiwasi wa nini? Mchana jua likilipasha, hewa ya ndani inatanuka na kupenya nje. Usiku likipoa linavuta hewa nyingine, na hiyo inakuja na unyevu wake. Baridi ikizidi, unyevu unageuka matone juu ya saketi. Kwa hiyo usihangaike kutafuta panapovuja: boksi limevuta maji hayo lenyewe kwa kupumua.

Toboa. Upande wa chini tu, jamani, juu usiguse. Tundu la kebo, na jingine la milimita 3 au 4 mahali palipo chini kabisa, maji yapate pa kutokea. Ndiyo, hapo IP67 imekufa, sina majonzi nayo. Weka kipande cha wavu, la sivyo wadudu watahamia.

Glandi, ile nati inayobana kebo kwenye tundu, kaza. Kebo ishuke chini ya glandi kwanza ndipo ipande, matone yadondokee pale kwenye kona. Ukiongeza silikoni, inuse: yenye harufu ya siki inatoa asidi inayokula shaba. Weka kando.

Sasa vanishi ya saketi, ile ya kupuliza inayofunika bodi isiguswe na unyevu, na hapa naomba utulivu. Kabla ya kupuliza, funika soketi zote kwa selotepu. Zote. Na kihisi cha unyevu pia, kwa sababu vanishi ikikigusa hakitapima kitu tena. Umefunika? Kagua tena. Napuliza tabaka jembamba, kutoka mba... ngoja, ngoja. Sogeza kamera. Mnaona pale? Selotepu imenyanyuka kwenye kihisi. Ndiyo maana napiga kelele! Bonyeza kingo kwa kucha, mzunguko mzima, halafu ndiyo upulize. Likikauka, tabaka la pili. Selotepu bado ipo? Haya.

Joto. Huna haja ya kupika, nyuzi chache juu ya hewa ya nje zinatosha kuzuia umande. Rezista, kipande kinachogeuza umeme kuwa joto, ndiyo hita yetu: ya omu 47 kwenye volti 12 inatoa kama wati 3. Nunua ya wati 10 ili isiungue, iweke chini ya bodi, mbali na plastiki na betri. Wa sola, iwasheni usiku tu. Ikiwaka saa 24 itakula zaidi ya wati-saa 70. Na betri ya lithiamu usiichaji chini ya nyuzi 0, inaharibika kabisa.

Vipakiti vya silika, vile vya kufyonza unyevu? Kwenye boksi lenye tundu vitashiba unyevu upesi, visaidie nini? Hivyo ni vya boksi lililozibwa kabisa.

Mfuniko: kaza skrubu kona kwa kona, waya usibanwe kwenye mpira unaoziba mfuniko. Siku ukilitoa kwenye baridi kulileta ndani, lifunge kwenye mfuko wa plastiki kwanza, ulifungue likishapata joto la chumba. Glandi na vanishi ninauza, maelezo yako chini ya video. Selotepu tafuteni wenyewe, na iwe inayoshika.