Pima moshi na vumbi kijijini kwako, ujue na unatoka wapi

Kamwene! Karibuni tena. Leo tupo kijijini Njombe, saa nne asubuhi na koti bado sijavua, baridi ya huku mnaijua. Tunaunda kifaa cha kupima chembe za moshi na vumbi hewani. Anayetaka kilichokamilika ninauza, namba ipo chini ya video. Anayetaka kujiundia, twende.

Vitu vyenyewe: sensa ya SDS011 (ya hewa, siyo ile ya karani kuja kukuhesabu mlangoni), bodi ndogo ya ESP8266, kioo cha kusomea namba, kipima unyevu, kadi ya kumbukumbu, pawabenki, na elbo mbili za bomba la maji machafu, inchi tatu. Kuingiza programu nilishaonyesha video iliyopita, sirudii.

Ndani ya sensa kuna feni inavuta hewa, na leza. Chembe ikipita inatawanya mwanga, sensa inasoma ule mmeto. Unapata namba mbili. PM2.5 ni zile chembe ndogo kabisa, hazizidi maikromita 2.5 (maikromita ni milimita moja ukiigawa mara elfu), wakati unywele wako mmoja una kama 70. PM10 inajumuisha na zile kubwa kidogo.

Sasa waya. Shemeji, sogeza kamera. Huo ni mkono wangu. Hapo hapo. Pini za sensa ziko saba. Ya tatu ni volti 5, ya tano ni GND, yaani hasi. Soma maandishi kwenye sensa yenyewe, usihesabu kwa kidole! Ukianzia upande usio wake, ya tatu inageuka ya tano na ya tano inakuwa ya tatu, umeme umeugeuza. Sensa yangu ya kwanza niliiua hivyo, nahesabu huku naongea na simu. Haikutoa hata cheche, kaharufu tu, basi.

Waya mbili zilizobaki, R na T, zinakwenda kwenye bodi. Na kabla hujawasha rudia tena: tatu, tano, soma maandishi. Nawasha... Sifuri. Sifuri? Hewa safi hivyo hata huku hakuna. Ngoja. Aa, R nimeipeleka kwa R. Inatakiwa mmoja anene, mwingine asikilize: T ya sensa iende kwenye R ya bodi. Napishanisha... haya, 11, 12. Shemeji, usikate hicho kipande, wakione.

Kuingiza kwenye elbo ni rahisi. Midomo yote itazame chini mvua isiingie, uzibe kwa kipande cha chandarua, maana buibui wanaipenda hiyo nyumba kuliko mwenye nyumba. Tundika kama mita mbili kutoka chini, siyo kwenye upenu wa jiko.

Hapa wengi ndipo wanapokosea. Wanasoma namba moja wanapiga kelele. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango cha PM2.5: wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, wa mwaka mzima usizidi 5. Wastani, jamani. Jikoni kwa mama mkwe mimi siingii, aliingia shemeji na kifaa wakati mafiga yanawaka: 999.9. Huo ndio mwisho wa sensa kuhesabu, moshi wenyewe haukuishia hapo.

Chanzo utakipata kwa daftari. Andika saa na kilichokuwa kinatokea: fulani anachoma shamba, mashine ya kusaga imewashwa, upepo umetoka bondeni. Mimi nafunga kipande cha kanga kwenye mwanzi kinionyeshe upepo. PM2.5 ikipanda alfajiri na jioni kila siku, hayo ni majiko, na usiku wa baridi bila upepo moshi unalala bondeni kwenye vinyungu, zile bustani za mabondeni, mpaka jua litoke. PM10 ikiruka peke yake, hilo ni vumbi. Ila vumbi nene sensa hii inalipunja, haizioni vizuri chembe kubwa, kwa hiyo ukiona limepanda kidogo, ujue lipo zaidi.

Na ukungu! Mwaka juzi nilimwamsha mwenyekiti wa kijiji saa kumi na mbili asubuhi kumwonyesha namba za kutisha. Akaangalia kioo, akaangalia nje, akaniuliza, "Kijana, huu si ukungu?" Ulikuwa ukungu. Vitone vya maji leza inavihesabu kama moshi. Ndiyo kazi ya kipima unyevu: kikivuka asilimia 70, weka alama kwenye daftari, namba hiyo usiitangaze. Usimwamshe mtu.

Usiiache sensa ikiwaka usiku na mchana, leza yake ina uhai wa kama saa 8,000, hata mwaka haufiki. Programu yangu inaiamsha kila baada ya dakika chache, inapima, inalala.

Shemeji, lori la mbao hilo linakuja. Vuta kioo, vuta kioo! PM10... 48, 90, 170. PM2.5 imetikisika tu, ona. Naandika: saa tano na robo, lori, upepo unatoka barabarani. Funika kamera sasa, vumbi hilo.