Ubuntu imejaa? Tuondoe pakeji za zamani

Haya wadau, karibuni. Leo nina laptopu ya zamani hapa, ina Ubuntu, yani mfumo endeshi kama ilivyo Windows, na imeanza kulalamika nafasi imeisha. Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja taminali ifunguke, lile dirisha la kuandikia amri, halafu andika df -h uone diski imejaa kiasi gani, ile asilimia ya mstari unaoishia na / iandike pembeni maana tutairudia.

Sasa, hatufuti kitu kwanza. Andika sudo apt update, ikimaliza sudo apt upgrade; sudo ni kuomba ruhusa ya msimamizi, na apt ndo inayoleta na kuondoa pakeji, yani vifurushi vya programu. Paswedi ukiiandika inaweza isionekane hata nyota, usishtuke, wewe andika tu upige enta. Na kama uko kwenye hotispoti ya simu chungulia bando lako, apt upgrade inakwambia itashusha MB ngapi kabla haijaanza.

Ikiisha zima uwashe upya. Hapa wengi wanaruka, kumbe kerneli mpya, yani kiini cha mfumo, haifanyi kazi mpaka mashine iwake upya. Andika uname -r uone unatumia ipi.

Sasa ndo kazi yenyewe: sudo apt autoremove --purge. Kuna pakeji ziliingia zikisindikiza programu nyingine, yani bibi harusi kashaondoka ila wapambe bado wako jikoni wanakula. Kerneli za zamani nazo zinatoka hapa, na moja na vikorokoro vyake inaweza kula mamia ya MB. Ila subiri, ikikuuliza uendelee au la, usikimbilie Y! Soma orodha yote. Mi niliwahi kupiga Y nikiwa nachati, ikaondoka programu ninayoitumia kila siku, nikabaki naitafuta kama mwendawazimu. Ukiona jina unalolitaka jibu n, andika sudo apt-mark manual na jina la hiyo pakeji, kisha rudia.

Fuata na sudo apt clean, hii inafuta mafaili ya deb, yani ya kusakinishia programu, yaliyobaki kwenye /var/cache/apt/archives, programu zako haiziguzi.

Bado snap, aina nyingine ya pakeji za Ubuntu, na hii wengi hawaijui, snap ikisasishwa toleo la nyuma linabaki limelala kwenye diski. Andika snap list --all, zenye neno disabled ndo hizo. Kwa mfano Firefox, unaandika sudo snap remove firefox --revision= halafu namba iliyo kwenye safu ya Rev, bila nafasi katikati. Angalia namba vizuri, na usisahau kuiweka, maana bila hiyo inaondoka Firefox nzima.

Rudia df -h. Yangu ilikuwa 94%, sasa 81%, na sijafuta hata picha moja.