Hujaiacha Sayansi

Kila nikialikwa kuzungumza na wahitimu wa biokemia, swali ni lile lile: "Kwa nini uliacha sayansi?" Sikuiacha; nilihamia tu kwenye kusimamia miradi ya sayansi. Nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia, maana naona vijana wenye vichwa vizuri wakiona haya kuomba kazi ya kusimamia miradi, kana kwamba wametoroka vitani.

Chukueni kisa cha insulini, dawa ya kisukari inayotoka kwenye kongosho. Mwaka 1921, Banting na Best walipoitafuta kwa majaribio ya mbwa, nauruka, mnaujua. Twende Toronto, Januari 11, 1922. Mvulana wa miaka 14 mwenye kisukari anachomwa sindano ya maji ya kongosho yaliyochujwa. Yamejaa uchafu, hayamsaidii, wanasitisha. Collip, mwanabiokemia, anarudi kwenye alkoholi aliyokuwa akiyasafishia, anaiongeza ukali kidogo kidogo mpaka anafika pale insulini yenyewe inapojitenga na kutuama. Januari 23 mtoto anachomwa tena na sukari inashuka. Wasimuliaji wengi huishia hapo, wakapiga makofi. Subirini! Walipotaka kutengeneza nyingi, ikagoma. Collip yule yule, mikono ile ile, hakuweza kuirudia. Wagonjwa wanasubiri, dawa hakuna. Zikapita wiki za kuhangaika ndipo ikapatikana tena, na mwaka huo huo wakashirikiana na kampuni ya dawa ya Eli Lilly ili izalishwe kwa wingi.

Sasa niambieni. Kuandika kila hatua ili mwingine aweze kuirudia, kujua malighafi itatosha siku ngapi, nani aanze na nani afuate: hiyo si sayansi? Bila hiyo, yule mtoto angekuwa wa kwanza na wa mwisho.

Kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni, "Hayo ni makaratasi tu." Haya. Mimi niliwahi kusafisha kimeng'enya, aina ya protini, siku nne, usiku na mchana, kwenye chumba cha baridi. Ijumaa jioni nafika kwenye hatua ya mwisho, nakuta mashine ina mtu mpaka Jumatatu. Hakuna aliyekosea, ratiba haikuwepo. Nikakiacha kwenye barafu. Jumatatu nainua kichupa kwenye mwanga: chini kuna utando mweupe, kama maziwa yaliyokatika. Siku nne zimekwenda. Safari iliyofuata nilichukua karatasi nikaanzia mwisho: siku ya kupima, nyuma yake siku ya mashine, nyuma yake siku ya kuotesha bakteria wa kukitengeneza. Sikujua kuwa wenye fani ya kusimamia miradi wanayo mbinu yao ya kutafuta mfuatano wa kazi ambazo moja ikichelewa, mradi mzima umechelewa. Na mbinu hiyo ilikuzwa wapi? DuPont, kampuni ya kemikali, mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni ya kwetu!

Naona naonyeshwa saa. Bajeti nilitaka kuieleza, basi. Watu nao, ambao ni wagumu kuliko protini yoyote, wanahitaji siku yao.

La wasifu wa kazi siliachi. Msiandike "nilifanya PCR", ile ya kunakili DNA maabara, mkanyamaza. Andikeni mlipanga majaribio mangapi, mlielekeza wanafunzi wangapi, kemikali zilipochelewa mlifanya nini. Aliyekuja na wake abaki, tuupitie pamoja. Nitakaa hapa mpaka wa mwisho.