Pombe ya Nyumbani na Kanda Zinazooza Kabatini

Mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliokuja kusikiliza: walionisikia kwingineko wanajua nitaanzia wapi, nami sioni sababu ya kubadilisha mwanzo ilhali tatizo lenyewe liko palepale. Mtafiti anayetaka kuandika historia ya pombe nchini Uganda huanza, kama tulivyofunzwa sote, kwenye nyaraka za serikali na za viwanda. Atasoma kwamba kiwanda cha bia cha Port Bell kilianzishwa mwaka 1946, na kile cha Nile kule Njeru mwaka 1951. Atasoma sheria ya mwaka 1965 ya enguli, yaani pombe kali ya kienyeji inayokenekwa, iliyokataza kutengeneza kinywaji hicho bila leseni, na jinsi wapikaji wenye leseni walivyotakiwa kukiuza kiwandani, kikasafishwa na kutiwa chupani kwa jina la Uganda Waragi. Atajua nani aliruhusiwa kupika na nani alikatazwa. Pombe ilipikwaje, hatajua.

Ninasema tena, kama nilivyosema mara nyingi, kwamba kumbukumbu bora za upikaji wa pombe tulizo nazo haziko katika hifadhi ya taifa pale Wandegeya. Ziko katika makabati ya sebuleni mwenu, ndani ya kanda za video za kwanjula (utambulisho wa mchumba kwa Waganda), za kuhingira (kumtoa bibi harusi kwa Wanyankole) na za harusi zilizopigwa miaka ya 1980 na 1990, na kanda hizo zinaharibika tukiziangalia.

Niruhusuni nieleze kwa kirefu kanda moja tu. Familia moja ya upande wa Bushenyi iliniletea kanda ya kuhingira ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikitaka hotuba za wazee zihamishiwe kwenye diski. Zilikuwapo kanda mbili: ile iliyohaririwa, yenye muziki na maandishi ya rangi, na kanda mama, yaani ile iliyotoka kwenye kamera bila kukatwa. Familia ilitaka iliyohaririwa peke yake na ilikuwa tayari kuitupa kanda mama, kwa kuwa, walisema, ina mambo ya jikoni matupu. Niliomba niitazame kabla haijatupwa. Mpiga video alikuwa amefika siku kadhaa kabla ya sherehe, na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine aliipeleka kamera nyuma ya nyumba, akaiacha iendelee.

Kinachoonekana humo ni upikaji wa tonto, yaani pombe ya ndizi, tangu mwanzo. Mbidde, ndizi za kutengenezea pombe, zinatolewa shimoni, ambamo zilivundikwa kwa siku kadhaa chini ya majani ya mgomba na udongo, na mzee mmoja anaziminya kwa kidole gumba, anakataa baadhi na kuzirudisha. Wanaume wanamenya, wanazimimina katika hori refu lililochongwa kwa gogo, wanachanganya na nyasi kavu, kisha wanaosha miguu na kuanza kukanyaga. Nyasi hizo huushika utomvu na nyama ya ndizi na kuuachia mchuzi, yaani maji ya ndizi, upite ukiwa safi, na mzee yule anasikika akimfundisha kijana namna ya kuzikunja ili asiziloweshe bure. Anaonja mchuzi, anaagiza maji, anaonja tena. Upande wa pili wanawake wanakaanga mtama na kuusaga juu ya jiwe, unga unaletwa kwa ungo, na hapo yanazuka mabishano ya kweli kabisa kati ya mzee na shangazi mmoja kuhusu kiasi: shangazi anasema mtama ule ni mchache na pombe itapoa, mzee anasema ukizidi itakuwa kali, wageni wataanguka kabla mahari haijatajwa. Hori linafunikwa kwa majani ya mgomba. Siku ya sherehe tunaona inachotwa, nyingine ikiingia kwenye vibuyu vya kupelekwa mbele ya wageni, nyingine kwenye madumu ya plastiki ya njano ya kunywewa na vijana nyuma ya hema.

Sasa nawauliza walimu wenzangu wa historia: ni waraka gani wa karatasi unaoweza kuwapa hayo? Hapo mna mgawanyo wa kazi kati ya wanaume na wanawake, mna elimu ikipita kutoka kwa mzee hadi kwa kijana, mna mabishano ya kitaalamu kati ya watu wawili wanaojua wanachokisema, na mna alama ya wakati, kwa sababu kibuyu kimebaki na heshima yake mbele ya wageni huku dumu likiwa limekwisha kutwaa kazi yake nyuma. Katika kanda iliyohaririwa, sehemu yote hiyo imekatwa na mahali pake pamewekwa maua yanayozunguka. Ndiyo maana nasisitiza hadi nachosha watu: hifadhini kanda mama! Mhariri wa harusi huondoa kila kitu ambacho mwanahistoria atakitafuta.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba ninataka kuhifadhi ulevi. Nimeulizwa hivyo msikitini, nimeulizwa kanisani, na jibu langu ni lilelile. Uamsho wa Walokole, yaani Wakristo waliookoka, ulioenea kutoka Rwanda hadi Kigezi, Ankole na Buganda tangu miaka ya 1930 ulifanya kuiacha pombe kuwa mojawapo ya alama za wazi za kuokoka. Mtu ataelewaje uzito wa uamuzi huo ikiwa hajui kwamba bila pombe mahari haikupokelewa, mazishi hayakumalizika na majirani hawakuja kulima? Mlokole mwenyewe anaihitaji historia hii ili ushuhuda wake ueleweke. Na aliyekataa pombe lakini akanywa mchuzi wa mbidde kabla haujachacha, kama ndugu zetu wengi Waislamu, naye ana sehemu yake katika hori lilelile. Kuhifadhi kumbukumbu za jambo hakumlazimishi mtu kulifanya.

Mwingine atasema haya ni mambo ya kale yasiyo na faida. Mwaka 2002 kiwanda cha Nile kilianza kuuza bia ya Eagle iliyopikwa kwa Epuripur, mtama uliozalishwa na watafiti wetu wa Serere, na maelfu ya wakulima wakapata soko. Ujuzi wa mtama na kimea ulikuwapo Teso na Kigezi kabla ya mhandisi yeyote wa kiwanda kuuhitaji. Kule Oregon, Marekani, chuo kikuu kimekuwa na hifadhi maalumu ya historia ya hopsi (maua yanayotia bia uchungu) na upikaji wa bia tangu 2013, na humo wanaweka mahojiano na wapikaji wa kawaida pamoja na nyaraka za biashara. Nchi hiyohiyo iliingiza katika orodha yake ya filamu za kulindwa, mwaka 1996, filamu ya nyumbani iliyopigwa na mfungwa katika kambi ya Topaz, walikofungiwa Wamarekani wenye asili ya Japani wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa kamera iliyoingizwa kwa siri. Kwetu bado tunaambiwa video ya familia si waraka.

Nije kwenye kuharibika kwenyewe. Ukanda wa video ni plastiki iliyopakwa chembe za sumaku zilizoshikwa na gundi, na gundi hiyo hunyonya unyevu wa hewa. Kandokando ya ziwa letu unyevu haukosekani; gundi hulainika, ukungu huota, na kanda hunata kwenye deki. Deki zenyewe zinakwisha, kwani kampuni ya mwisho kuzitengeneza, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Filamu za milimita 8, hasa zile za Super 8 zilizotoka mwaka 1965, zina ugonjwa mwingine: zikianza kuoza hutoa harufu ya siki. Familia nyingi za Kihindi za Kampala na Jinja zilikuwa na kamera hizo kabla ya kufukuzwa mwaka 1972 kwa notisi ya siku 90, na baadhi ya picha za mitaa yetu ya miaka hiyo bila shaka ziko leo katika nyumba za Leicester, Uingereza. Lazima tuziombe. Tulikwisha kujifunza kwa sauti alizorekodi mtafiti wa muziki Klaus Wachsmann hapa nchini kati ya 1949 na 1952: zilikaa London miaka mingi kabla ya nakala kurudi Makerere.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuhusu ajon, pombe ya wimbi ya Teso, ambayo ni kazi ya wanawake tangu kuchimbia unga wa wimbi hadi kumimina maji ya moto chunguni watu wakiwa wameketi na mirija, nilikuwa na mengi, ila niseme tu kwamba sijaiona hata kanda moja inayoonyesha kazi nzima, na mwenye nayo tafadhali asiondoke bila kuniona. Kuhusu faragha, sheria yetu ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu ipo, na hakuna kanda itakayoonyeshwa hadharani bila idhini ya familia. Kuhifadhi na kuonyesha ni mambo mawili. Wanaosema simu zimelimaliza tatizo hili, nawaomba watafute sasa hivi video walizopiga miaka kumi iliyopita.

Wenye kanda nyumbani, msizijaribu kwenye deki yoyote ikiwa mnaona ukungu mweupe pembeni, kwa maana ukungu huo utaingia kwenye mashine na kuikwaruza kanda inayofuata. Zisimamisheni wima mahali pakavu, mbali na spika na paa la bati. Andikeni juu ya ganda mahali, mwaka na sherehe, hata kwa kukisia. Kisha mzilete kama zilivyo, kanda mama kwanza, na mje na mzee yeyote aliyekuwapo siku hiyo, kwa sababu aina za mbidde zilizomo horini hakuna aliyeziandika kwenye lebo, na yeye bado anazijua kwa majina.