Mbalamwezi na Ndoo za Dagaa: Chora Chati ya Vitone kwa Simu

Mwakeye wadau! Niko mwaloni Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, dagaa wako juani huku nyuma, na leo tunachora chati ya mtawanyiko. Tunachukua vitu viwili tunavikutanisha: hiki kikibadilika, kile nacho kinafuata? Fungua Excel au Google Sheets, karatasi mpya. Hiyo mnaijua.

Safu ya kwanza, siku za mwezi mwandamo, 1 hadi 29. Ya pili, ndoo za dagaa kwa usiku. Namba hizi ni za mfano. Sasa sikia: andika 12, usiandike "ndoo 12". Narudia, namba tupu! Ukichanganya na neno, programu inahesabu ni maandishi, vitone vinakwenda kusikojulikana. Neno "ndoo" likae juu, kwenye kichwa cha safu. Kagua. Umekagua? Kagua tena.

Chagua safu zote mbili, ingiza chati, chukua ile ya vitone visivyoungwa. Siku zilale chini, ndoo zisimame wima.

Ngoja, jua linapiga kioo, hamwoni kitu... nasogea kivulini. Haya. Vitone vya mwanzo viko juu, siku ya 14 na 15 vimelala chini kabisa, halafu vinapanda. Bakuli hilo! Mvuvi wa hapa hashangai. Dagaa hufuata taa, na mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa yako inamvuta nani? Mitumbwi inapumzika.

Utamu uko hapa. Weka fomula ya CORREL, ile namba ya mwanatakwimu Karl Pearson ya kupima vitu viwili vinavyofuatana, inayokwenda kutoka -1 hadi 1. Mnaona? Karibu 0! Asiyechora angeapa kwamba mwezi na dagaa hawajuani kabisa. Kumbe namba hiyo inapima mstari mnyoofu tu, bakuli hailioni. Mimi nachora kwanza, fomula baadaye, na hapo hatubishani.

Na hiki cha siku ya 4, kiko chini peke yake? Usikifute! Nimeweka usiku wa upepo, mitumbwi haikutoka. Kipake rangi nyingine, kibaki.

Zoezi: pima dagaa wabichi, anika, pima tena, fanya hivyo kwa mafungu tofauti. Hapo vitone vitapanda karibu kwa mstari, na CORREL itasogea kwenye 1. Wa kununua ninao, kilo na nusu kilo. Wangu wa chanja, mchanga kautafute kwa jirani.